Wiki ya Mwanzo wa Vuli Kagondo

Magharibi ya Ziwa Victoria mvua za vuli huwahi. Kagondo na vijiji jirani vya Muleba na Bukoba mara nyingi huanza kulowa Septemba, wakati mavuno ya kahawa yanamalizikia. Kwa Wahaya wa zamani, kazi za majuma hayo zilifanyika katika ardhi za namna mbili: kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi.

Maharage ndiyo yaliyotangulia. Wanawake waliyapanda kibanjani chini ya migomba bila kuchimba sana, kwa kuwa mizizi ya mgomba hukaa juujuu. Kisha walikwenda rweya kulima misiri, vishamba vya muda vya njugumawe na viazi vikuu, ambavyo baada ya mavuno viliachwa vipumzike. Huko huko zilikatwa nyasi za kutandaza kibanjani na za kutandika sakafu ya mushonge, nyumba ya duara ya Wahaya. Ng'ombe nao walilishwa rweya, lakini samadi yao ikaishia kibanjani. Kwa hiyo sifa ya rutuba ambayo kibanja hupewa ni ya kuazima: rweya ndiyo iliyokilisha. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe, migomba pia iliumia.

Wanaume walikuwa na rubisi, pombe ya ndizi, na kazi hiyo peke yake ilitosha kujaza wiki. Ndizi za pombe, embire, zilikatwa zikiwa mbichi na kuvundikwa kwa siku kadhaa, shimoni au juu ya jiko. Zikishaiva zilimenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi. Maji matamu yaliyokamuliwa, omuramba, walipewa hata watoto. Yaliyobaki yalitiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa yachachuke, na baada ya usiku mmoja au miwili yakawa rubisi. Zamani sehemu ya pombe hiyo ilipelekwa kwa mukama, yaani mfalme, kama kodi. Baada ya Wamisionari wa Afrika kufika Kashozi mwaka 1892 na Ukristo kuenea, Jumapili ikawa siku ya kanisa na, kwa wengi, ya kibuyu.

Kahawa ya maganda ilimalizia kukauka kwenye mikeka. Si yote iliyokuwa mali ya mwenye kibanja: kwa mtindo wa butura, aliyebanwa na shida aliuza zao likiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali ya kikoloni ilijishughulisha zaidi na kanuni za kutunza mibuni, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kwa ghasia. Chama kikuu chao cha ushirika, BNCU, kiliundwa mwaka 1950.

Kwa migomba, pigo la karibuni ni mnyauko wa bakteria, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Baadhi ya aina za ndizi za pombe huambukizwa upesi, kwani wadudu hubeba vimelea kupitia ua dume. Wakulima hushauriwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kung'oa kila mgomba ulioambukizwa.