Ua na Ukuta: Ulinzi wa Mpaka katika Ngara na Biharamulo

Tangu zamani binadamu amejilinda kwa vizuizi vya namna mbili. Kipo kizuizi kinachoziba njia na macho pamoja, kama ukuta wa mawe. Na kipo kinachoziba njia lakini kikayaacha macho yapite, kama ua wa matete. Katika makala haya tutavilinganisha viwili hivyo kwa kuitazama historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, upande ambao nchi yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Yafaa tujiulize: ni kipi kinacholinda zaidi, na kinamlinda nani?

Tuanze na ua. Wahangaza wa Ngara ni jamaa wa karibu wa Warundi kwa lugha na desturi. Katika Kirundi na Kinyarwanda, neno urugo lina maana ya ua unaozunguka nyumba, na papo hapo lina maana ya kaya yenyewe. Ua wa jadi katika nchi hizo ulisukwa kwa matete na fito, au ulipandwa minyaa, mmea ambao utomvu wake mweupe huunguza macho. Mwizi hakupenya humo bila kelele. Hata hivyo, ua haukumficha ajaye. Aliyekuwa ndani aliona kivuli na kusikia hatua. Mgeni naye, akijua kwamba ameonekana, alipiga hodi. Matete yenyewe yangeweza kuvunjwa hata na mtoto. Kilichomlinda mwenye kaya ni jicho lake mwenyewe, pamoja na sikio la jirani yake.

Sasa tuutazame ukuta. Katika lugha yetu neno boma lina maana ya uzio wa miiba wa kulalia mifugo, na vilevile lina maana ya ngome. Wajerumani walijenga boma la namna hiyo ya pili Biharamulo, mwanzoni mwa karne ya 20, nalo lingalipo. Biharamulo haiko mpakani. Iko ndani, nyuma ya Ngara. Mahali pake panatufunza kazi yake: kuta zile nene zilisimama kati ya mtawala na mtawaliwa. Mkoloni aliwahofu watu aliowatawala, akajitenga nao kwa mawe. Lakini mawe hayo hayakuuokoa utawala wake, kwani mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani katika sehemu hizi.

Baada ya vita hivyo, washindi waligawana nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1919, Ubelgiji ilipewa Rwanda na Burundi, na Uingereza ikachukua Tanganyika. Waingereza walijiwekea kwanza eneo la Gisaka, mashariki ya Rwanda, kwa ajili ya njia ya reli waliyoifikiria. Lakini kufikia mwaka 1924 eneo hilo lilikuwa limerudishwa Rwanda, na mto Kagera ukawa mpaka. Bugufi, nchi ya Wahangaza iliyokuwa na uhusiano wa kale na ufalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Mstari huo uliwapitia ndugu katikati. Ila haukujengewa ukuta, na watu wa pande zote mbili waliendelea kuonana, kuoana na kuuziana mazao.

Mataifa makubwa nayo yamelipima jambo hili. Ukuta wa Berlin, uliojengwa mwaka 1961, uliwazuia hasa wananchi wa upande ule ule uliojenga, nao ukaanguka mwaka 1989. Marekani, katika miaka ya 1990, ilizuia sehemu za mpaka wake na Meksiko kwa mabamba ya chuma yaliyobaki kutoka vita vya Vietnam. Walinzi wakaona dosari yake: bamba lilimficha aliyekuwa upande wa pili, hata mlinzi asijue ni nani anayemngoja. Sehemu nyingi zikabadilishwa na kuwekwa nguzo za chuma zenye nafasi katikati. Mwaka 2017, sampuli 8 zilijengwa karibu na mji wa San Diego, nusu yake zikiwa za zege; lakini ujenzi uliofuata uliegemea zaidi kwenye nguzo. Kwa maneno mengine, baada ya gharama kubwa, walirudia hekima ya ua wa matete.

Lakini tusiusifu ua kupita kiasi. Kizuizi kinachoonyesha humpa mlinzi maarifa, na pamoja na maarifa humtwika wajibu. Wakimbizi wa Rwanda walioingia Ngara katika miaka ya 1960 walipewa makazi Muyenzi, jina lililo sawa na lile ambalo Wanyarwanda huuita mnyaa. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, umati uliokadiriwa siku zile kufikia watu 250,000 ulivuka daraja la Rusumo. Kagera ukabeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Wananchi wa Ngara waliyaona hayo kwa macho yao, na aliyeona hawezi kusema hakujua. Mashamba na misitu yao iliumia, nao wakawapokea wageni.

Mzigo ulipozidi, mlango ulifungwa. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi; Desemba 1996 karibu wakimbizi nusu milioni walirejeshwa Rwanda, wengi wao bila hiari. Mwaka 2013, kwa sababu ya ujambazi na uhamiaji haramu, ilifanyika Operesheni Kimbunga. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioishi hapa miongo mingi, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Hapo tunauona ukuta mwingine, usio na mawe, ukipita katikati ya kaya moja.

Tangu mwaka 2016, Rusumo ina daraja jipya na kituo kimoja cha pamoja, ambamo maofisa wa Tanzania na Rwanda hufanya kazi chini ya paa moja. Huo ni ulinzi wa ua: mlinzi na jirani wanaonana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mipaka, ufa ni kutojuana. Taifa lina haki ya kuwa na mlango na kumwuliza apigaye hodi. Lakini likitaka kujua ni nani aliyesimama nje, na kama anakuja kwa shari au anakimbia shari, ni lazima kwanza liweze kumwona.