Homoni Mbili: Historia ya Dawa ya Thairoidi Kutoka Newcastle hadi Annexe

Mtu aliyekatwa tezi ya thairoidi, au ambaye tezi yake imechoka yenyewe, anaweza kumeza vidonge vyake mwaka mzima akiwa salama, kisha taratibu yale aliyokwisha kuyasahau yakaanza kumrudia. Anasikia baridi katikati ya jua la mwezi wa kumi. Nywele zinabaki kwenye kitana, choo kinakuwa kigumu, sauti inazidi kuwa nzito, analala saa kumi na kuamka amechoka. Akiwa mkaaji wa Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi au Naviundu, katika komini ya Annexe inayouzunguka mji wa Lubumbashi, hatakosa washauri. Jirani atamwambia aongeze kidonge. Mwingine atamwambia aache dawa zote. Wa tatu, mwenye ndugu Brussels, atamwambia kwamba Ulaya kuna dawa ya homoni mbili kwa pamoja, na kwamba hiyo ndiyo anayoikosa.

Huyo wa tatu hakukosea kabisa, wala hakusema kweli yote. Suala la homoni mbili lina zaidi ya miaka 130, na sehemu yake nzito ilifumbuliwa hapa Kongo, kwenye damu ya Wakongo. Kwa sababu hiyo naona mgonjwa wa Annexe ana haki ya kuijua historia hii kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwanzo wake ni Uswisi. Mpasuaji Theodor Kocher wa Bern alikuwa hodari wa kuondoa rovu, ule uvimbe wa shingo uliowasumbua watu wa milimani. Mwaka 1883 alitangaza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walikuwa wamevimba uso na kupoteza wepesi wa akili, na walio wadogo wameacha kukua. Kumbe tezi ile ilikuwa na kazi. Miaka minane baadaye, mwaka 1891, daktari kijana George Murray wa Newcastle, Uingereza, alikamua maji ya tezi za kondoo na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa na dalili zilezile. Mwanamke huyo alipata nafuu, baadaye akawa anakunywa dawa badala ya kudungwa, akaishi hadi mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray alihesabu kwamba alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Katika maji yale ya kondoo homoni zote mbili zilikuwamo, na hakuna aliyejua. Dawa ya kwanza kabisa ya thairoidi ilikuwa mchanganyiko.

Homoni zilitenganishwa polepole. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall katika Mayo Clinic, Marekani, alipata fuwele za thairoksini, inayoandikwa leo T4 kwa sababu ina atomi nne za iodini. Charles Harington alieleza umbo lake mwaka 1926. Ya pili ilichelewa: mwaka 1952 Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers, huko London, walitangaza T3, yenye atomi tatu tu za iodini lakini nguvu kubwa zaidi na haraka ya ajabu. Baada ya wiki moja hivi, nusu ya T4 bado imo mwilini. T3 huisha nusu kwa siku moja. Tofauti hiyo ya muda ndiyo chanzo cha taabu nyingi za wanaomeza zote mbili.

Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kuuza vidonge vya mchanganyiko vyenye sehemu nne za T4 kwa moja ya T3. Wagonjwa wengi walisikia moyo ukienda mbio saa chache baada ya kumeza. Kisha mwaka 1970 Lewis Braverman na wenzake wakaonyesha kwamba watu wasio na tezi kabisa, wanaopewa T4 peke yake, wana T3 kwenye damu yao. Mwili wenyewe huing'oa atomi moja ya iodini kutoka kwenye T4 na kujitengenezea T3 unayoihitaji. Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu asilimia 80 ya T3 hutengenezwa hivyo, nje ya tezi. Vidonge vya mchanganyiko vikaachwa. Wakati huohuo kipimo cha TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, kikaanza kuenea, na madaktari wakagundua kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakiwapa wagonjwa dozi kubwa mno.

Lakini mwili huing'oaje ile atomi moja? Hapa ndipo Kongo inapoingia.

Madaktari Wabelgiji walikuwa wamezoea kuona rovu kubwa kaskazini mwa nchi. Taarifa zao kuhusu eneo la Uele zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye kazi ikahamia kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, jirani na kituo cha utafiti cha Lwiro. François Delange na André Ermans waliona jambo lisiloeleweka: iodini, yaani madini joto, ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Mwaka 1971 walielekeza kidole kwenye chakula, na uchunguzi uliofuata ukaufikia muhogo. Muhogo usiolowekwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa thaiosayanati, nayo huizuia tezi kuinasa iodini kidogo iliyopo. Kwa sisi wa Lubumbashi, ambao bukari yetu ni ya mahindi na mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo, habari hiyo haitishi kama chumvi ina iodini na muhogo umelowekwa. Waliokosa vyote viwili ndio walioumia.

Walioumia zaidi walikuwa Ubangi, kaskazini mwa nchi. Huko, karibu na Karawa na Gemena, watoto wengi walizaliwa na tezi isiyotosha, na baadhi walikua wafupi, wenye ngozi kavu, uso uliovimba na akili iliyodumaa. Mafuta yenye iodini, yaliyodungwa mara moja na kutosha kwa miaka kadhaa, yaliwakinga watoto wa mama waliodungwa wakiwa wajawazito. Lakini swali moja lilibaki: kwa nini huko tezi za watoto hawa zinakauka kabisa, wakati katika sehemu nyingine za dunia zenye upungufu uleule hali si hivyo?

Mwaka 1990 Jean Vanderpas na wenzake walichapisha jibu mojawapo: udongo na vyakula vya kule vilikosa pia seleniamu. Karibu wakati huohuo, maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa zikionyesha kwamba kimeng'enya kinachogeuza T4 kuwa T3 kimejengwa kwa seleniamu. Vipande viwili vya fumbo vikakutana. Timu ya Bernard Contempré, ambamo majina ya Wakongo kama Duale na Ngo yamo miongoni mwa waandishi, iliwapa wanafunzi na wagonjwa wa Ubangi mikrogramu 50 za seleniamu kwa siku, kwa miezi miwili. Ilitarajiwa kuwasaidia. Kwa wanafunzi T4 ilishuka, ingawa T3 na TSH zilibaki palepale. Kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimeharibika, T4 ilishuka, T3 ikashuka, TSH ikapanda. Kimeng'enya kilipoamka kiliitumia haraka ile T4 kidogo iliyobaki, na tezi haikuwa na iodini ya kuijaza tena. Mwaka 1991 waliandika onyo: usimpe seleniamu mtu mwenye upungufu wa iodini kabla hujampa iodini.

Naliona hilo kuwa mojawapo ya mafunzo makubwa yaliyowahi kutoka Kongo kuhusu homoni hizi. Anayeuziwa leo vidonge vya seleniamu eti vitaamsha T3 yake anapaswa kukumbuka watoto wa Ubangi. Na inauma kuona kwamba elimu iliyotoka kwenye mishipa yao inasomwa kwenye vitabu vya Ulaya, wakati mkaaji wa Annexe anahangaika kupata hata kipimo cha TSH.

Chumvi ilibadilisha mambo. Katika miaka ya 1990 iodini iliingia kwenye chumvi ya nchi, na sehemu kubwa ya ile tunayokula Katanga hutoka nje, ikivuka mpaka wa Kasumbalesa. Hata tiba hiyo ilikuwa na makali yake: mwaka 1996 ilitangazwa kwamba huko Kivu, baada ya chumvi yenye iodini kuenea, baadhi ya watu wenye rovu la zamani walipata ugonjwa wa kinyume, tezi ikifanya kazi kupita kiasi. Tezi iliyozoea njaa haijui kujizuia inaposhiba ghafla.

Mchanganyiko ulirudi kwenye mjadala mwaka 1999. Robertas Bunevičius na wenzake huko Lithuania waliwachukua wagonjwa 33, wakawapunguzia mikrogramu 50 za T4 na kuwapa badala yake mikrogramu 12.5 za T3. Wagonjwa wengi walisema wanajisikia vizuri zaidi, hasa moyoni na akilini. Dunia ilisisimka. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumuisha majaribio 11 na wagonjwa 1,216 haukuona faida ya jumla. Lakini mwaka 2009 Waingereza walionyesha kwamba watu wenye umbo fulani la kurithi la kimeng'enya kinachogeuza T4 kuwa T3, karibu asilimia 16 ya waliopimwa, walielekea kufaidika. Mwaka 2012 madaktari wa thairoidi wa Ulaya wakatoa mwongozo: mchanganyiko unaweza kujaribiwa kwa wachache ambao bado wanaumwa ingawa TSH yao iko sawa, kwa uwiano wa T4 kwa T3 wa kati ya 13 kwa 1 na 20 kwa 1. Tezi ya binadamu yenyewe hutoa takriban 14 kwa 1.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kabla ya kuitafuta T3, kuna mambo ya karibu ya kuchunguza, na mengi yanapatikana hapahapa. Je, ni mjamzito? Mimba huongeza mahitaji ya T4 kwa robo au zaidi, tangu wiki za mwanzo. Je, kliniki ya wajawazito imempa vidonge vya chuma, naye anavimeza pamoja na dawa ya thairoidi asubuhi ileile? Chuma na kalsiamu huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Inafaa kuziachanisha kwa saa nne. Je, anaimeza na kahawa au baada ya kula? Je, ana upungufu wa damu, au malaria isiyokwisha, vitu ambavyo huchosha vilevile? Je, farmasi imembadilishia chapa? Mwaka 2017, Ufaransa ilipobadilisha viambato vya Levothyrox, dawa ya T4 iliyotumiwa na watu wapatao milioni tatu, maelfu walilalamika kurudiwa na dalili, na ile ya zamani ikalazimika kurudishwa kwa jina la Euthyrox. Mtu ambaye kila mwezi hupokea kopo la kiwanda tofauti yuko kwenye hali hiyo bila hata kuwa na mtu wa kumlalamikia. Afadhali apate chapa moja ya kawaida inayopatikana miezi yote kuliko bora inayokatika.

Baada ya hapo ndipo TSH ipimwe, na dozi ya T4 irekebishwe kidogokidogo, mikrogramu 12.5 au 25, kisha kungojea wiki sita hadi nane kabla ya kupima tena. T4 hupungua nusu mwilini kwa wiki moja hivi. Anayepima baada ya siku kumi anapima dozi ya zamani.

Ikiwa TSH imetulia kwa miezi kadhaa na mtu bado anaumwa, mjadala wa homoni mbili una haki ya kufunguliwa, mbele ya daktari anayeyajua magonjwa ya homoni. Kidonge cha mchanganyiko kinachojulikana Ufaransa, Euthyral, kina mikrogramu 100 za T4 na 20 za T3, yaani 5 kwa 1, mbali sana na uwiano wa tezi. Kuufikia mwongozo wa 2012 huhitaji T4 na T3 zitolewe kwenye vidonge tofauti. Cynomel ya Ufaransa ina mikrogramu 25 za T3 kwa kidonge, kwa hiyo hulazimika kukatwa vipande vidogo, na sehemu ya jioni kutengwa na ya asubuhi ili moyo usipate kishindo. T4 hupunguzwa kwa kiasi kinacholingana. Damu ya kupimwa huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza, maana T3 hupanda saa chache baada ya kidonge na kudanganya kipimo. Mwenye ugonjwa wa moyo hapewi, wala mjamzito, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama. Na kama miezi mitatu imepita bila nafuu, mwongozo unasema T3 iondolewe, mgonjwa arudishwe kwenye T4 peke yake, na sababu nyingine ya uchovu wake itafutwe.