Farde ndani ya kompyuta: historia ya folda na sababu ya kupotelewa na mafaili

Familia inayokimbia vita hubeba vitu vichache: sufuria, blanketi, na farde yenye vyeti vya kuzaliwa na vya masomo. Siku hizi, wengi wamepiga picha za karatasi hizo na kuziweka ndani ya kompyuta. Ndiyo maana watu hushtuka kompyuta inapowekewa mfumo mpya: folda walizozizoea hawazioni tena. Je, zimepotea, ama zimehama tu?

Kwanza, folda zilitoka wapi? Mwaka wa 1965, nchini Marekani, Robert Daley na Peter Neumann walieleza mpango wa mafaili ya mfumo ulioitwa Multics: faili likae ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine, kama matawi ya mti. Mwaka wa 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell walianzisha Unix, iliyofuata njia hiyo. Mti wote ulikuwa na mzizi mmoja, unaoandikwa kwa alama ya mkwaju: /

Microsoft ilishika njia nyingine. MS-DOS ilipotoka mwaka wa 1981 haikuwa na folda; zilikuja na toleo la 2.0, mwaka wa 1983. Kila diski ilikuwa na herufi yake, na ndiyo sababu Windows ingali inaandika C: hadi leo.

Ile picha ndogo inayofanana na farde ya ofisini ilionekana kwenye kompyuta ya Xerox Star mwaka wa 1981, kisha kwenye Macintosh ya Apple mwaka wa 1984. Windows 95 ikaizoesha kwa watu wengi zaidi.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, ilifuata Unix. Kwa hiyo mtu anayetoka Windows na kuingia Linux asitafute C:. Mafaili yake hukaa ndani ya folda yenye jina lake, chini ya folda iitwayo home. Tena, kwa kawaida Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: «Cheti» na «cheti» ni mafaili mawili.

Basi, mara nyingine faili lipo, ila anwani yake imebadilika. Kulitafuta kwa jina kunatosha. Lakini hatari ya kweli ipo pia: kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta diski nzima, na hapo kutafuta hakusaidii kitu.

Kwa hiyo, kabla fundi hajaanza kazi, mwenye kompyuta anakili mafaili yake kwenye flashi, kisha ayafungue kwenye kompyuta nyingine ili ahakikishe yanasomeka. Nazo karatasi zenyewe zibaki ndani ya farde, mahali pakavu. Kompyuta haichukui nafasi yake.