Ngano Iliyongoja Mpunga

Mwaka 1960 mpunga ulikuwa zao dogo katika jimbo la Punjab, India: takribani hekta 227,000 tu. Visima vya pampu, umeme wa ruzuku na serikali iliyokuwa tayari kununua mavuno viligeuza mambo, na kufikia mwaka 2000 mpunga ulikuwa umefunika zaidi ya hekta milioni 2.6. Ngano ikalazimika kungoja mpunga uondoke shambani.

Kungoja huko kuna gharama. Ngano iliyopandwa mapema Novemba hujaza punje kabla joto halijapamba moto. Ya mwishoni mwa Desemba hujaza Aprili, joto likiwa limepita nyuzi 30: majani huzeeka kabla ya wakati, wanga hauingii vya kutosha, na mkulima huvuna punje zilizosinyaa.

Hata hivyo, mbegu haziumii sawasawa. C 306, ngano ndefu ya miaka ya 1960 inayosifiwa hadi leo kwa chapati zake, huweka akiba ya sukari kwenye bua na kuipeleka kwenye punje majani yanapochoka. Ila ukiitia mbolea nyingi, huanguka. Kalyan Sona, ngano fupi yenye asili ya Mexico, ilimlipa vizuri mkulima aliyewahi. Aliyechelewa alikuwa na Sonalika, nayo pia yenye asili ya Mexico, ambayo ilikomaa upesi na kulikwepa joto badala ya kupambana nalo. Ndiyo maana ilitawala mashariki mwa India na Bangladesh, ambako mpunga huvunwa kwa kuchelewa, hadi magonjwa ya majani yalipoishinda.

Mwaka 2009 Punjab ilipiga marufuku kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10, ili kuokoa maji ya ardhini. Nia njema, lakini nafasi kati ya mavuno na upanzi ilizidi kubana, na wengi wakazidi kuchoma mabua ili wawahi. Maji yaliokolewa kwa moshi.

Machi 2022 ilikuwa na joto kali kuliko Machi zote zilizorekodiwa India tangu 1901. Safari hii hata waliowahi waliumia, na Mei 13 serikali ikazuia kuuza ngano nje. Watafiti sasa wanahimiza kupanda mwishoni mwa Oktoba, kwa mbegu kama DBW 187. Mbegu ya haraka kama Sonalika haifai hapo: vuguvugu la Oktoba huiharakisha, ikatoa masuke katikati ya baridi ya Januari.