Fenakiti: Jiwe Lisilookotwa Garsen
Chembe nyeupe zinazometameta kwenye mchanga wa Mto Tana, Kenya, kwa kawaida ni kwatsi. Fenakiti hufanana nayo mno: mara nyingi haina rangi, na mng'ao wake ni wa kioo. Wataalamu nao waliidhania kwatsi hadi Nils Nordenskiöld alipoitambulisha mwaka 1833, kutokana na mawe ya Milima ya Ural, Urusi.

Kinachozitenganisha ni mizani na mkwaruzo. Fenakiti ni silikati ya beriliamu, Be₂SiO₄. Ugumu wake ni 7.5 hadi 8, kwa hiyo huikwaruza kwatsi, yenye 7. Sentimita moja ya ujazo ina karibu gramu 3. Ya kwatsi, gramu 2.65.

Hapa Garsen, kando ya Tana, usisumbuke kuitafuta. Uwanda huu ni tope na mchanga ulioletwa na mafuriko, ilhali fenakiti hujijenga ndani ya pegmatiti (miamba ya fuwele kubwa) na katika miamba ya ulanga yenye zumaridi. Zumaridi, jamaa yake wa beriliamu, ilichimbwa karibu na Ziwa Manyara, Tanzania. Fenakiti yenyewe imepatikana Anjanabonoina, Madagaska. Wanaoinunua ni wakusanyaji zaidi kuliko masonara.