Wasiwasi

Neno tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa mnong'ono. Anayeisoma Surat An-Nas katika Kurani anaujua: mnong'ono unaotiwa vifuani mwa watu. Kwetu sauti ilipotea ikabaki hofu, ingawa bado twasema wasiwasi umemwingia fulani, kama mgeni asiyebisha hodi.

Mtoto mdogo neno hilo hana. Yeye husema tumbo linamuuma, hasa asubuhi ya shule, wala hadanganyi: mwili wenye hofu hulibana tumbo kwelikweli. Wakubwa tuna jibu la haraka: anadeka. Akifika sekondari tunambadilishia, tunamwita mvivu au jeuri.

Kwa mwenye usonji jambo huwa zito zaidi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Baltimore nchini Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliotaka kila kitu kibaki vilevile, na katika kutaka huko aliona wasiwasi. Kelele nazo ziliwatisha. Hapo neno mnong'ono halifai tena. Kengele ya shule huweza kumpasua masikio mtoto mwenye usonji. Kumwambia "usiwe na wasiwasi" ni kazi bure. Kumweleza mapema kwamba kengele italia, au kwamba leo mtapita njia nyingine, humpunguzia.

Kamusi zinatupa pia kiherehere cha moyo, yaani moyo kwenda mbio kwa hofu. Ningelipenda neno hilo kwa watoto. Bahati mbaya mtaani kiherehere kimekwisha kuwa tusi la wenye kimbelembele.