MAMA ALIYEJIFUNGUA HAACHWI PEKE YAKE



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi wenzetu wameandika habari za hisa, mikopo na gawio. Sisi tumeona tuandike historia ya jambo lisiloonekana kwenye daftari la mweka hazina: afya ya akili ya mama mjamzito na mama aliyejifungua.

Tuanze na wazee wetu. Babati tumechanganyika: Wagorowa, Wairaqw, Wadatoga, Warangi, Wambugwe na sisi wengine tulioletwa na barabara na biashara. Mila zinatofautiana, lakini desturi ya mzazi kutulia ndani, akipikiwa uji na kusaidiwa kazi, wengi wetu tumeikuta. Watu wa pwani huziita siku hizo arobaini. Mwili ulipumzika, na moyo nao ulipata wa kuongea naye.

Lakini si kila cha zamani kilikuwa chema. Msichana wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya ndoa alifukuzwa nje ya nchi yao, na wengine walipokewa na majirani Wadatoga. Tumbo mbele, hana mama wala shangazi! Kwa upande mwingine, Wabarabaig walikuwa na baraza la wanawake. George Klima, Mmarekani aliyetoa kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza jinsi akina mama walivyomhukumu mwanamume aliyewakosea na kumtoza faini ya dume la ng'ombe. Kwa hiyo kikundi cha wanawake chenye faini si jambo geni huku kwetu!

Ugonjwa wenyewe nao si mgeni. Waganda wana jina lake, amakiro: mama kajifungua, akili inavurugika, hata anaweza kumdhuru mwanawe. Watu walisema ni adhabu ya uzinzi. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wajawazito huko Uganda akaona kwamba huzuni na hofu zipo kwa mama wa Kiafrika kama kwingineko. Baadaye, mwaka 1987, yeye na wenzake wawili walitoa maswali 10 ya kumpima mzazi: je, bado unaweza kucheka? Unajilaumu bila sababu? Maswali hayo sasa yanatumika nchi nyingi duniani.

Hata sheria yetu inalijua jambo hili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199, inasema mama akimuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi, kosa lake halihesabiwi kuwa la kuua kwa kukusudia. Sheria inamfikia mama huyo akiwa tayari mahakamani. Jirani angeweza kumfikia mapema.

Je, jirani anaweza kweli? Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wanawake, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100. Kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa 53. Kilichowasaidia ni mazungumzo yenye mpango, wala si sindano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua. Hebu hesabuni wenyewe mkiwa mmekaa kwenye mkutano.

Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu uamue mambo mawili. Kwanza, mzazi asitozwe faini ya kutohudhuria mpaka arobaini yake iishe. Pili, wanachama wawili wamtembelee kila wiki, wasiishie kumshika mtoto na kusifu sura yake, bali wamuulize mama: unalala? Unakula? Moyo ukoje?

Akisema amechoka na dunia, anasikia sauti, au anaogopa kumdhuru mtoto, msimwambie ana mashetani wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, nauli itoke mfuko wa jamii.

Mikopo tumejua kuifuatilia nyumba kwa nyumba. Na wenzetu tuwafuatilie hivyohivyo. Hongereni kwa miaka kumi!